"Siwati" Si Tabdila: Mtunzi, Lugha ya Nyumbani na Mtahini

Ndugu mwalimu, nawe mtahiniwa, hebu tuanzie darasani. Nafundisha Kiswahili hapa Jomvu Kuu, nami si mzaliwa wa Pwani. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikishughulikia uhuru wa mshairi katika Kidato cha Tatu. Niliandika ubaoni "Siwati", anwani ya shairi mashuhuri la Abdilatif Abdalla, nikaeleza kwa uhakika: "Mshairi alitaka kusema siachi. Amelibadilisha neno ili apate vina. Hii ni tabdila." Msichana mmoja akainua mkono, akasema kwa adabu, "Mwalimu, nyanya yangu kila siku hutwambia 'wata mtezo'. Kwani naye anatafuta vina?" Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka, maana nilijua nimekosea.

Tunapoulizwa kuhusu changamoto za utunzi, upesi twataja ukosefu wa karatasi, wachapishaji na vitisho vya watawala. Naam, mtunzi huyu alizijua zote. Alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Mwaka 1968 aliandika waraka "Kenya: Twendapi?" kuikosoa serikali ya KANU, na Machi 1969 akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Tungo alizoziandika gerezani kwa siri, kwenye karatasi za msalani, zilichapishwa mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 diwani hiyo ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga.

Lakini iko changamoto nyingine tusiyoitaja: mtunzi aandike kwa Kiswahili cha nani? Mwaka 1928 kikao kilichokutana papa hapa Mombasa kilikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Kimvita, chenye hazina kubwa ya ushairi, kikabaki nje ya mlango katika mji wake chenyewe. Abdilatif alikuwa na njia mbili, akachagua kutunga kwa Kimvita. Mtu anayeandika kwenye karatasi ya msalani hana nafasi ya kupoteza neno. Maneno yale ni uamuzi wa kisanaa. Tukiyaita tabdila twamfanya fundi aonekane mtu aliyebanwa na vina akavunja maneno apate kupenya.

Je, mtahiniwa atatofautishaje lahaja na tabdila au inkisari? Napendekeza maswali matatu.

Kwanza, je, neno hilo lina wenyewe? Kimvita husema wata kwa acha, mato kwa macho, ndia kwa njia. Sauti t mahali pa ch haikuzuka katika shairi moja. Ni utaratibu wa lahaja nzima.

Pili, je, arudhi ilimlazimisha? Anwani ya shairi haina kina wala mizani ya kuitimiza, na bado mtunzi ameandika "Siwati", si "Siachi". Tazama pia anwani "Kuno Kunena". Kuno ni kionyeshi cha Kimvita. Kiswahili Sanifu kingesema huku.

Tatu, hesabu mizani. Chukua anwani "Mnazi: Vuta N'kuvute". Wengi wetu twakimbilia kusema n' ni inkisari ya ni. Lakini n' hiyo ni silabi, kama m ya mtu, nayo huhesabiwa mizani kamili. Nikuvute ina mizani minne, n'kuvute nayo minne. Basi kimefupishwa nini? Hayo ni matamshi ya Kimvita yaliyoandikwa yanavyosikika.

Najua mwenzangu utasema: "Mtahini ana mwongozo wake." Ni kweli, nami simshauri mtahiniwa abishane na mtahini. Katika Karatasi ya Tatu andika "matumizi ya lahaja ya Kimvita", utoe mfano, kisha ueleze umuhimu wake: kumtambulisha mtunzi na jamii yake, na kulipa shairi ladha ya mazungumzo ya watu halisi. Lahaja ni kipengele kinachokubalika cha uhuru wa mshairi. Jibu hilo ni sahihi na lina heshima. Katika insha, andika Kiswahili Sanifu, kwani ndicho kinachotahiniwa. Mtu huwa na kanzu ya Ijumaa na shuka ya nyumbani, na hakuna aionayo shuka aibu.

Kwa nini nalishikilia jambo hili? Kwa sababu ya yule msichana. Katika daftari zake za insha nilikuwa nimeikata ndia kwa kalamu nyekundu bila maelezo, mara nyingi. Siku ile alitambua kwamba neno nililoliita kosa kwake, nililiita ufundi kwa mshairi, na hata huo ufundi nikaupa jina lisilo lake. Siku hizi nikiikata ndia naandika pembeni: "Kimvita. Sanifu: njia." Ni maneno matatu tu, lakini mtoto ajua nyanyake hakukosea.

Zoezi: Mtahiniwa, chagua shairi lolote la Sauti ya Dhiki. Orodhesha maneno kumi usiyoyazoea, uyapitishe katika maswali hayo matatu. Ukiwa na nyanya wa Jomvu, Kisauni au Likoni, muulize yeye kabla ya kufungua kamusi.