Hongera, Dizeli za Mau

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, ikipitia Molo, enzi za mvuke. Lakini wapenzi wa garimoshi waliokulia huku miaka ya tisini hukumbuka dizeli: ngurumo nzito ikikwea kabla behewa halijaonekana, moshi mweusi ukitanda juu ya mashamba ya viazi. Mau Summit, mbele kidogo, ni zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Huko ndiko injini hujulikana. Vichwa vya aina ya 93, vya General Electric, viliingia Kenya mwaka 1987. Pongezi ziwaendee hasa madereva na mafundi. Siku vikistaafu, kimoja kipelekwe Makumbusho ya Reli, Nairobi, kisiuzwe vyuma chakavu.