Saa Mbili za Orodha Kamili: Jinsi Raia Wanavyochora Ramani ya Ndege wa Kisumu

Kusema kwamba ndege fulani yuko Kisumu ni rahisi. Mtu mmoja akimwona na kumpiga picha, mjadala umekwisha. Kusema kwamba amepungua au ametoweka ni kazi nyingine kabisa: lazima ijulikane nani walimtafuta, walimtafuta wapi, kwa muda gani, na kwamba hawakumpata. Kutoonekana hakupigwi picha. Waliobuni Kenya Bird Map, mradi ulioanza mwaka 2013 wa kuchora upya ramani ya ndege wa Kenya kwa nguvu za watu wa kujitolea, walilazimika kulitatua tatizo hilo kabla ya jingine lolote. Namna walivyolitatua inamfaa yeyote anayetaka kujua viumbe wa mtaa wake.

Kisumu ni mahali pazuri pa kuupimia mradi huo. Mji umekaa ukingoni mwa Ghuba ya Winam, na kusini mwake kuna kinamasi cha Dunga, makazi ya ndege wanaoishi kwenye mafunjo tu: gonoleki wa mafunjo, mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, kanari wa mafunjo, na ndege wadogo wa manjano na kahawia ambao hata mtaalamu huwatambua kwa sauti kabla ya kuwaona. Watafiti Alfred Owino na Peter Ryan walilinganisha picha za angani za mwaka 1969 na za setilaiti hadi mwaka 2000, wakakuta kwamba Dunga ilikuwa imepoteza karibu nusu ya mafunjo yake. Kwenye kinamasi cha Koguta hali ilikuwa karibu sawa, na kile cha Kusa kilipoteza kama theluthi. Hata hivyo, setilaiti huonyesha mafunjo yaliposimama na yalipofyekwa. Haiwezi kusema kama ndani yake bado kuna gonoleki. Hapo ndipo panapohitajika macho na masikio ya watu.

Ramani ya kwanza ya ndege wa nchi nzima ilichapishwa mwaka 1989 na Adrian Lewis na Derek Pomeroy. Ilikuwa kazi kubwa, lakini miraba yake ilikuwa mipana: dakika 30 za latitudo kwa dakika 30 za longitudo, yaani zaidi ya kilomita 50 kila upande. Mraba mmoja wa aina hiyo unaweza kuwa na mji, ziwa, mashamba ya mpunga na vilima, vyote vikihesabiwa kama mahali pamoja. Ndege wa Dunga na ndege wa mpunga wa Ahero hawatenganishiki hapo.

Kenya Bird Map ilifuata mfano wa atlasi ya pili ya ndege wa kusini mwa Afrika, iliyoanza mwaka 2007 ikiratibiwa kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town. Kizio chake ni pentadi, mraba wa dakika tano kwa dakika tano. Hapa kwetu karibu na ikweta, hiyo ni takriban kilomita tisa kila upande, au kilomita za mraba 85 hivi. Mraba mmoja wa atlasi ya zamani unabeba pentadi 36. Kugawanya nchi kwa namna hiyo kulifanya kazi iwezekane kwa mtu wa kawaida, kwani pentadi moja anaweza kuizunguka asubuhi moja kwa miguu, kwa baiskeli au kwa bodaboda.

Moyo wa mradi, hata hivyo, ni kanuni za kujaza orodha, ambayo wenyewe huiita kadi. Kadi kamili hudai angalau saa mbili za kutafuta ndege kwa makusudi, na mtafutaji ajitahidi kufika kwenye kila aina ya mazingira iliyomo ndani ya pentadi: ukingo wa ziwa, vichaka, bustani za nyumbani, mashamba, soko. Kila aina ya ndege anayoiona au kuisikia huandikwa mara moja tu, kwa kufuata mpangilio wa kuonekana kwake. Baada ya saa hizo, anaweza kuendelea kuongeza aina mpya hadi siku tano zitimie, kisha kadi hufungwa. Orodha isiyofikisha saa mbili hupokelewa pia, lakini huwekwa kwenye kundi lake na haichanganywi na kadi kamili kwenye hesabu.

Kila sharti hapo lina kazi. Saa mbili zinafanya kadi ya mzoefu na ya mgeni zikaribiane kwa juhudi, hata kama hazilingani kwa ujuzi. Ukomo wa siku tano unazuia kadi moja kumeza msimu mzima. Mpangilio wa kuonekana unasaidia kwa sababu aina zinazoandikwa mapema kwenye kadi nyingi huwa ndizo za kawaida au rahisi kuonekana. Na hakuna anayeombwa kuhesabu ni ndege wangapi, jambo linaloondoa makosa makubwa ya kukadiria kundi la kwera wakirukaruka kwenye matete. Hesabu ya vichwa ina nafasi yake kwingine, kama kwenye sensa ya ndege wa majini inayofanywa kila Januari chini ya Makavazi ya Kitaifa na Nature Kenya.

Sharti zito kuliko yote halionekani kwa haraka: andika kila aina unayoitambua, pamoja na zile zinazochosha. Kunguru aandikwe, mwewe aandikwe, korongo mfukoshingo anayezunguka jaa la taka aandikwe. Kadi ikiwa kamili, aina ambayo haimo huwa na maana yake: ilitafutwa kwa saa mbili na haikupatikana.

Kutokana na kadi hizo hupatikana kipimo chepesi. Tuseme pentadi moja ina kadi kamili 20, na gonoleki ameandikwa kwenye nane. Kiwango chake cha kuripotiwa ni asilimia 40. Miaka kadhaa baadaye kadi nyingine 20 za pentadi hiyo zikimtaja mara mbili tu, kiwango kimeshuka hadi asilimia 10. Hapo kuna dalili ya kuchunguza, si uthibitisho. Huenda mafunjo yamefyekwa. Huenda pia waandishi wapya hawajui sauti yake. Kiwango hiki kinachanganya wingi wa ndege na urahisi wa kumtambua, na mchambuzi mwaminifu hukumbuka yote mawili.

Wavuvi wa ufukoni hawahitaji kuelezwa hoja hii mara mbili. Kilo 50 za samaki hazisemi lolote mpaka ujue zilivuliwa na mitumbwi mingapi, kwa nyavu gani na kwa usiku mzima au nusu. Ndiyo maana Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao yake Jinja, linaendesha sensa ya mitumbwi, zana na wavuvi sambamba na upimaji wa samaki wanaoshushwa, kazi ambayo wanachama wa vikundi vya usimamizi wa fuo, maarufu kama BMU, wamehusishwa katika kukusanya takwimu zake. Kadi ya ndege inafuata mantiki ileile: juhudi huandikwa pamoja na mavuno.

Kwenye kinamasi, juhudi hiyo ni ya masikio zaidi. Mafunjo hurefuka hadi mita nne au tano, na mtu aliye kwenye mtumbwi haoni ndani. Gonoleki dume na jike hupokezana mlio kwa haraka kiasi kwamba asiyewajua hudhani ni ndege mmoja. Kwa hiyo mkata mafunjo wa kusuka mikeka, au mvuvi anayepita mlango wa kinamasi kila alfajiri, ana mtaji ambao mgeni kutoka Nairobi hana. Anachokosa mara nyingi ni jina la kitabuni la ndege anayemsikia kila siku, na hilo hufundishika. Jambo la msingi hapa ni kwamba ndege hawa hupendelea mafunjo marefu na yaliyosongamana. Kadi zikijazwa kabla na baada ya eneo kukatwa, zinaweza kuonyesha kwa muda gani ndege hukaa mbali na lini hurudi.

Zana ya kazi imekuwa simu. Programu ya BirdLasser, iliyotengenezwa Afrika Kusini, huhifadhi saa na mahali pa kila ingizo kwa setilaiti, hutambua pentadi uliyomo, na hutuma kadi mtandao ukipatikana. Mwandishi hahitaji kubeba ramani wala kuhesabu dakika za latitudo.

Je, nani anahakikisha mtu hakukosea? Mfumo hulinganisha kila ingizo na maeneo yanayojulikana ya aina hiyo. Ndege akiandikwa nje ya eneo lake, mwandishi huombwa maelezo: alionekana wapi, alikuwaje, kuna picha au sauti? Wataalamu ndio huamua. Njia hii hukamata maajabu vizuri. Haikamati kosa la kawaida, kwa mfano mtu aliyechanganya mdiria mmoja na mwingine wakati wote wawili wapo Kisumu. Dawa ya kosa hilo ni kadi nyingi za watu tofauti kwa pentadi ileile, ili kosa la mmoja lisibebe matokeo.

Linganisha na iNaturalist, jukwaa lililoanzia California mwaka 2008 na ambalo hupokea mimea, wadudu, vyura, chochote kilicho hai. Pale ushahidi ni picha yenye tarehe na mahali, na utambuzi hupanda daraja zaidi ya theluthi mbili ya watambuzi wakiafikiana. Kwa kujua ni vipepeo gani au magugu gani yaliyopo mtaani, njia hiyo ni bora, kwa sababu hakuna kadi kamili ya wadudu inayowezekana kwa mtu wa kawaida. Lakini ina udhaifu ambao hauzibiki kwa wingi wa picha: watu hupiga picha kinachowavutia. Mtaa usio na picha ya ndege chozi unaweza kuwa mtaa usio na chozi, au mtaa usio na mpiga picha. Data haiwezi kutofautisha.

Sasa tuurudishe mfumo wa pentadi mjini, maana hapo ndipo unapobanwa. Mstari wa longitudo ya nyuzi 34 na dakika 45 unapita karibu na katikati ya Kisumu. Dunga inaangukia magharibi yake, kwenye pentadi ambayo sehemu kubwa ni maji ya ziwa. Soko la Kibuye na mtaa wa Manyatta viko mashariki. Mpaka huo umechorwa na hesabu za dunia, haujui mtaa wala mto. Ndani ya pentadi ya mashariki, kadi iliyojazwa kwenye miti na bustani pana na kadi iliyojazwa kati ya mabati ya Manyatta zina uzito sawa na anwani moja. Anayesoma ramani ya taifa hataona tofauti kati ya mitaa hiyo.

Tofauti hiyo ina maana. Mwaka 2019 watafiti walitumia kadi za atlasi ya kusini mwa Afrika kulinganisha idadi ya aina za ndege na kipato cha wakazi katika miji ya Afrika Kusini. Walikuta kwamba pale ujenzi uliposhamiri, maeneo yenye kipato kikubwa yalikuwa na aina nyingi zaidi. Kivuli, miti na ndege hugawanywa mjini kama maji ya bomba na barabara za lami zinavyogawanywa. Swali hilohilo linaweza kuulizwa Kisumu, lakini tu iwapo kuna anayejaza kadi kwenye mitaa ambayo watalii hawafiki. Tabia ya data za kujitolea duniani kote inajulikana: hurundikana kando ya barabara, kwenye hifadhi na sehemu zenye sifa. Kwa Kisumu hiyo ina maana ya Dunga na hifadhi ya swala pala kabla ya mitaa ya Nyalenda na Obunga.

Suluhisho halihitaji mfumo mpya. Kwa kuwa BirdLasser huhifadhi mahali pa kila ingizo, kadi zilizokwisha kujazwa zinaweza kukatwa upya kwa mitaa. Kinachohitajika ni nidhamu ya ziada: njia zisizobadilika za kutembea kando ya mito ya Kisat na Auji, na kuzunguka mabwawa ya majitaka ya Nyalenda, zirudiwe kila mwezi saa ileile. Wapenda ndege wa Nairobi walijua zamani kwamba mabwawa ya majitaka ya Dandora huvutia ndege wa majini kuliko bustani nyingi. Njia zikiwapo, maji ya ziwa yakipanda kama yalivyofanya mwaka 2020 hadi kuvunja rekodi ya 1964, au gugu maji likifunika ghuba, kutakuwa na kipimo cha kabla na cha baada, wala si kumbukumbu za wazee peke yake.

Hukumu yangu ni hii. Kenya Bird Map imelitatua tatizo gumu zaidi la sayansi ya raia, la kuipa maana orodha ya wasioonekana, na imefanya hivyo kwa kanuni ambazo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuzifuata. Imeshindwa kuona mtaa, kwa sababu haikubuniwa kuuona. Pengo hilo linazibwa na wakazi wenyewe. Kama unaishi Nyalenda, Obunga au Manyatta, tenga muda wa saa mbili wakati wa asubuhi, andika kila ndege unayemjua, kunguru akiwamo, na utume kadi yako. Kisha rudia mwezi ujao.