Ukweli wa Udukuzi Katika Hadithi

Hadithi ya wizi haina deni kwa wezi, lakini ina deni kwa ukweli. Msomaji hukubali kwamba mwizi wa hadithini hakuishi kamwe. Hakubali kwamba mlango uliofungwa kwa kufuli ulifunguka kwa kupulizwa. Tangu kompyuta zilipokuwa ghala za fedha na siri za mataifa, mtunzi amepata mwizi mpya, mdukuzi, na pamoja naye mzigo mpya wa uchunguzi. Swali ni moja: mtunzi atakaye kumwonyesha mwizi huyo kama alivyo achunguze nini kwanza, mashine au watu?

Watunzi wengi huanza na mashine. Ndipo huja vidole vipigavyo mbio, kioo king'aacho maandishi ya kijani, na ushindi kabla ya nusu dakika kwisha. Hata palipo na usahihi, usahihi huo waweza kuwa pambo tu. Katika filamu ya The Matrix Reloaded, ya mwaka 2003, programu ionekanayo kiooni, Nmap, ni chombo halisi cha mafundi. Mafundi walifurahi kukiona. Lakini tukio lapita upesi, na mtazamaji hapati kujua ni nani aliyepaswa kulinda mlango, wala kwa nini ufa uliachwa. Chombo ni cha kweli, ila wizi hauna watu.

Filamu ya WarGames, ya mwaka 1983, ilishika njia nyingine. Watunzi wake, Lawrence Lasker na Walter Parkes, walikuwa na shaka: je, kijana aliye nyumbani kwao aweza kuingia kwa simu katika kompyuta ya jeshi la Marekani? Walimwendea Willis Ware, mtaalamu wa shirika la RAND, ambaye alikuwa amekwisha andika juu ya hatari za namna hiyo mwaka 1967. Jibu lake halikuwa la nyaya wala la hesabu. Aliwaeleza kwamba kompyuta hiyo ilipasa kufungwa isifikiwe kutoka nje, lakini wako maofisa wapendao kufanya kazi nyumbani siku za mapumziko, nao huacha njia wazi.

Hekima ya jibu hilo yaonekana katika filamu nzima. Kijana David, mwanafunzi wa Seattle, havunji neno la siri la shule yake. Ajua kwamba limeandikwa kwenye karatasi ofisini, basi apelekwapo huko kwa kosa la darasani hulisoma. Kompyuta ya jeshi nayo humfungukia kwa jina la mtoto aliyefariki wa yule bingwa aliyeiunda, na kijana hulipata kwa kusoma habari za maisha ya baba huyo. Uzembe wa ofisi na huzuni ya mzazi: hizo ndizo funguo mbili za hadithi, na zote mbili ni za kibinadamu.

Haki yadai kasoro yake itajwe pia. Mwishoni kompyuta hutafuta alama 10 za siri za kurushia makombora, ikazipata moja baada ya moja. Kufuli ya kweli haimwambii mwizi kwamba jino moja la ufunguo limefaa. Hukubali ufunguo mzima au huukataa mzima. Kwa herufi 26 na tarakimu 10, kubahatisha alama moja moja hakuzidi majaribio 360. Kubahatisha zote kwa pamoja kwaweza kudai zaidi ya trilioni 3,600. Hapo watunzi waliuza ukweli wakanunua hofu ya mtazamaji.

Hata hivyo hadithi hiyo ilizaa matunda makubwa. Rais Ronald Reagan aliitazama Camp David tarehe 4 Juni 1983, na siku chache baadaye akamwuliza Jenerali John Vessey kama jambo hilo lingeweza kutokea. Jenerali alikwenda kuchunguza, akarudi na jibu kwamba hali ilikuwa mbaya kuliko ilivyodhaniwa. Septemba 1984 Reagan akatia sahihi agizo la kulinda kompyuta za serikali. Mtunzi asemaye kwamba hadithi ni mchezo tu, na kwamba uongo wake haumdhuru mtu, na akumbuke kwamba watawala nao hutazama.

Yawezekana mtu akapinga, akamtaja William Gibson, aliyeandika riwaya ya Neuromancer, ya mwaka 1984, kwa taipureta, akiwa na ujuzi mdogo sana wa kompyuta. Pingamizi hili halina nguvu. Gibson alijenga ulimwengu wa ndoto, wala hakuahidi kingine. Deni la ukweli humshika yule aliyeahidi ukweli.

Kwa mwenye ahadi hiyo, shule bora ni kumbukumbu za mambo yaliyotukia. Mwaka 1986 Clifford Stoll, mtaalamu wa nyota katika maabara ya Lawrence Berkeley, California, aliagizwa kutafuta senti 75 zilizopotea katika hesabu za matumizi ya kompyuta. Senti hizo zilimwongoza kwa miezi mingi mpaka kwa mdukuzi wa Hannover, Ujerumani, ambaye alibisha mlango baada ya mlango kwa maneno ya siri ya kawaida ambayo wenye mitambo hawakuyabadili. Hapana mbio wala miujiza. Pana subira pande zote mbili.

Lugha ya Kiswahili ilikwisha kutoa hukumu yake mapema. Kabla ya kompyuta kuenea, mdukuzi alikuwa mtu asikilizaye kwa siri maneno ya wenzake: kazi yake ilikuwa ya sikio, si ya vidole. Ndivyo ilivyo hata leo Afrika Mashariki, ambako fedha hutumwa kwa simu. Mwizi hupiga simu kwa sauti ya upole, akamwomba mama mzee namba yake ya siri. Mtunzi wa Kiswahili atakaye kuandika wizi huo hana haja ya kuwafundisha wezi kazi yao. Na ajifunze sauti ile, na sababu iliyomfanya mama aiamini. Kikulacho ki nguoni mwako.