Costa alitoka dakika ya 9, Juanfran akalipa dakika ya 110

Tuanze na dakika ya 110 ya fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya 2014. Di María wa Real Madrid anauchukua mpira upande wa kushoto pale Estádio da Luz, anamkabili Juanfran, na Juanfran hana mguu wa kumfuatia. Mliona wenyewe. Beki huyo wa kulia wa Atlético Madrid alikuwa akichechemea, na alibaki uwanjani kwa sababu moja tu: hakukuwa na nafasi ya kumtoa. Di María akapenya, akapiga, kipa Courtois akapangua kwa mguu, Bale akamalizia kwa kichwa. Mabao ya Marcelo na Ronaldo yaliyokuja baadaye yalikuwa ya kujazia tu ubao ukasomeka 4-1.

Wengi hadi leo wanaililia ile kona ya Modrić na kichwa cha Sergio Ramos kilichosawazisha muda wa majeruhi. Mimi kesi yangu ni karatasi ya kikosi. Mei 24, 2014, kocha wa Atlético, Diego Simeone, alimwanzisha mshambuliaji wake Diego Costa huku nyama za paja zikiwa zimeshtuka siku saba tu nyuma, akamtoa dakika ya 9, na badiliko moja kati ya matatu yaliyoruhusiwa wakati ule likateketea kabla watu hawajatoka jasho. La pili lilikwenda kwa Sosa dakika ya 66, la tatu kwa Alderweireld dakika ya 83, Filipe Luís alipokwisha. Kikafuata kipindi cha lala salama, kisha nusu saa ya nyongeza, na benchi lote limekaa na viatu vyake.

Rudini kwenye mfuatano wa matukio. Aprili 1, robo fainali dhidi ya Barcelona Camp Nou, Costa anatoka dakika ya 30 kwa msuli wa nyuma ya paja. Mei 17, uwanja uleule, siku Atlético wanatwaa ubingwa wa Hispania wa kwanza tangu 1996, anatoka tena kabla ya dakika ya 20 huku analia. Kuanzia hapo kila mtaalamu wa viungo anajua kinachofuata, maana katika majeraha ya nyama za paja hakuna dalili ya hatari kubwa kuliko kuwa uliwahi kuumia palepale. Mtu wa namna hiyo humpunguzii siku za kupona, unamwongezea.

Atlético walimpeleka Belgrade. Vyombo vya habari vya Ulaya viliripoti kwamba alikwenda kwa mama mmoja anayetibu kwa majimaji ya kondo la nyuma la farasi. Huku kwetu timu ikimpeleka mshambuliaji kwa mzee wa mafuta na mizizi tunachekwa hadi basi, lakini kondo la farasi likipanda ndege linaitwa tiba mbadala. Robin van Persie alikwisha kupita njia hiyo mwaka 2009 kwa ajili ya enka. Aliumia Novemba, akarudi Arsenal Aprili. Ushahidi ulikuwepo miaka minne kabla, na bila shaka Simeone husoma magazeti.

Tuseme hata hayo majimaji yaliondoa maumivu. Hapo ndipo kosa lenyewe lilipo. Maumivu kupungua na msuli kupona ni mambo mawili yanayokwenda kwa kasi tofauti. Nyuzi zikichanika, mwili huanza kuziba pengo kwa kovu changa ndani ya siku chache, na uvimbe ukishuka mchezaji anatembea vizuri, anakimbia polepole vizuri, hata baiskeli ya gym anaendesha. Kovu hilo ni kama saruji iliyomwagwa jana: juu imekauka, ukikanyaga kwa uzito inazama. Uzito wenyewe hauji kwenye mwendo wa polepole. Unakuja mchezaji anapofyatuka kwa kasi yote, mguu umetupwa mbele na unakaribia kugusa nyasi, ambapo misuli ya nyuma ya paja inavutika na hapohapo inatakiwa kufunga breki. Kazi hiyo ya kubana huku unarefuka ndiyo inayochana. Mchezo wa Costa, wa kubebana mabega na beki halafu kuukimbilia mpira wa nyuma, umejengwa kwa kazi hiyo.

Ijumaa alionekana mazoezini Lisbon na wenzake, na watu wakashangilia. Mazoezi ya siku moja kabla ya fainali yanapima nini? Hakuna beki anayekusukuma, na hakuna mpira wa hamsini kwa hamsini. Mtafiti Msweden Carl Askling alikuwa ameshatoa kipimo ambacho hakihitaji mashine. Mchezaji analala chali, goti limefungwa lisikunjike, kisha anarusha mguu mzima juu kwa kasi yake yote, mara tatu. Unachomuuliza si kama anaumia tu. Unamuuliza kama anasita, kama kuna woga hata kidogo. Akijibu ndiyo, anarudi kwenye programu. Utafiti wake wa 2013 kwa wachezaji wa ligi kuu za Sweden ulionyesha waliofanya mazoezi ya kuurefusha msuli chini ya mzigo walirudi kwa wastani wa siku 28, na waliofuata mazoezi ya kawaida siku 51. Siku 28, na hao ndio waliowahi. Costa alipewa saba.

Msiniambie hakukuwa na mtu mwingine. Adrián López ndiye aliyefunga Stamford Bridge katika nusu fainali dhidi ya Chelsea, na ndiye aliyeanza nyumbani Calderón siku Barcelona walipotolewa huku Costa akiwa jukwaani. Ndiye pia aliyeingia dakika ya 9, kwa hiyo fainali ilichezwa na Adrián vilevile, ila kwa bei ya badiliko moja. Arda Turan, aliyeumia siku ileile ya Camp Nou, aliachwa nje, sawasawa kabisa.

Simeone alikiri baadaye kwamba kosa lilikuwa lake, na namheshimu kwa hilo. Siwaheshimu wachambuzi wa televisheni waliokuwa wakimsifu Costa kabla ya mechi kwa "kucheza na maumivu". Nimeshalisema hapa na nitalisema tena: sifa hiyo ndiyo inayowaharibu vijana wa mtaani, ambao hawana hata daktari wa kumdharau. Wana kopo la dawa ya kupuliza na kocha anayepiga kelele "kaza!" Dawa ya kupuliza inagandisha ngozi, basi. Huku zoezi la Nordic, la kupiga magoti, mwenzako akakushika vifundo vya miguu, ukajishusha mbele taratibu ukijizuia kwa nyama za paja, halina gharama ya shilingi moja. Tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha timu zinazolifanya hupunguza majeraha hayo kwa karibu nusu. Nenda viwanja vyetu vya vumbi jioni uhesabu wanaolifanya.

Wazee walijua. Ryan Giggs alisumbuliwa na nyama za paja ujanani hadi watu wakadhani hafiki mbali. Akageukia yoga, akabadili maisha yake nje ya uwanja, akacheza mechi 963 Manchester United. Alistaafu akiwa na miaka 40, Mei hiyohiyo ya 2014. Siku hizi mchezaji wa miaka 25 ana mpishi, ana dereva, ana mtu wa nywele, na kunyoosha msuli anaona kero.

Upande wa pili wa fainali ile ya Lisbon, kocha wa Real, Ancelotti, alimwacha Pepe na kigimbi chake nje akamchezesha Varane. Khedira, aliyekatika kano ya goti Novemba, alipitia miezi ya tiba ya viungo, akaanza kwa sababu Xabi Alonso ana adhabu, na akapumzishwa dakika ya 59. Hakung'ara, lakini alitoka kwa miguu yake. Huyohuyo Khedira, Julai 13 pale Maracanã, alihisi kigimbi wakati wa kupasha kabla ya fainali ya Kombe la Dunia, akasema, akatolewa kikosini. Ujerumani ilitwaa kombe bila yeye. (Aliyeingia badala yake, Kramer, aligongwa kichwani na kuachwa aendelee kwa dakika kadhaa, aibu ambayo ina safu yake siku nyingine.)

Mei 28, 2016, San Siro, Atlético na Real wakakutana tena kwenye fainali. Simeone akamwingiza Carrasco baada ya mapumziko, kisha akakaa na mabadiliko mawili mfukoni hadi muda wa nyongeza. Filipe Luís akaishiwa dakika ya 109, akatoka. Koke dakika ya 116, akatoka. Upande wa pili Zidane alikuwa amemaliza yake yote dakika ya 77, na aliyekuwa akivuta mguu safari hii ni Bale. Penalti zikaipa Real kombe 5-3, na kwa hizo sina la kumdai Simeone.