Sentensi ya Mwisho ya Hukumu

Mwenye rufaa akikabidhiwa hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania hufunua moja kwa moja hadi mwisho, aone kashinda au kashindwa. Simlaumu. Mimi pia huanzia huko, ila kwa sababu nyingine: ndiko ufundi wa majaji ulikojificha.

Chukua rufaa iliyokwama. Majaji wanaweza kuitupa, au wakaiondoa tu mahakamani. Kwa mtu wa mtaani ni yale yale, mikono mitupu. Kwa wakili ni mbingu na ardhi. Rufaa iliyotupwa imepimwa na kumalizwa. Iliyoondolewa ilikuja na kasoro, hivyo kisheria hapakuwa na rufaa ya kuamua, na mwenyewe aweza kuirekebisha akarudi, mradi muda upo au ameongezewa. Mwaka 1959, katika shauri la chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo dhidi ya Alimahomed Osman, iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba rufaa mbovu za namna hiyo, kama ile iliyokosa dikrii, yaani amri rasmi ya hukumu inayokatiwa rufaa, ilipaswa kuziondoa, si kuzitupa. Mahakama kujisahihisha kitenzi chake yenyewe! Hadi leo majaji wetu hulinukuu shauri hilo.

Kwenye jinai mizani ni ile ile. Mwenendo wa kesi hubatilishwa, kutiwa hatiani hufutwa, adhabu hutenguliwa. Kila tendo na kinachotendwa. Kisha huja amri ninayoipenda kuliko zote: mrufani aachiwe huru mara moja, isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali. Hicho kipande cha mwisho wengi hukipita. Majaji wana jalada moja tu mezani. Hawajui kama mtu huyo ana kesi nyingine kwingine. Basi wanaamua lililo mbele yao bila kugusa wasilolijua, na askari magereza haachiwi la kubahatisha.

Chini yake kuna mahali, tarehe na sahihi za majaji, kwa kawaida watatu. Naibu Msajili anaandika hukumu ilisomwa lini na mbele ya nani, nani alihudhuria kwa video, kisha anathibitisha kuwa nakala ni sawa na halisi. Mtandaoni, tovuti ya hukumu na sheria ya TanzLII huipa hukumu utambulisho wake: mwaka, herufi TZCA na namba. Yeyote anaisoma bure.

Anaisoma, yaani, kama anajua Kiingereza. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, lakini hukumu nyingi za rufani bado huandikwa kwa Kiingereza. Waheshimiwa majaji, vitenzi mnavyovipima kwa uangalifu namna hii vimfikie mrufani bila mkalimani.