Viti Vyote 100: Hesabu ya Uchaguzi wa Burundi 2025

Tarehe 5 Juni 2025, mpiga kura wa Ruziba, kusini mwa Bujumbura, hakumpigia kura mbunge mmoja kwa jina. Aliipigia kura orodha ya mkoa mzima. Kati ya kila majina matatu yanayofuatana katika orodha hiyo, ni mawili tu yanayoweza kuwa ya kabila moja, na wanawake lazima wawemo. Viti hugawanywa kwa uwiano wa kura. Hata hivyo chama tawala, CNDD-FDD, kilizoa viti vyote 100 vilivyogombewa. Mwaka 2020 kilikuwa kimepata 72, chama kikuu cha upinzani, CNL, 27 na chama cha UPRONA kimoja. Imekuwaje?

Tuanze na mipaka. Sheria ya 2023 ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5, na Ruziba ikajikuta mkoa mmoja na Bubanza na Cibitoke. Kihesabu, mageuzi hayo yalipaswa kuvinufaisha vyama vidogo, kwa kuwa mkoa mkubwa una viti vingi zaidi vya kugawana. Penye viti 5, chama hujihakikishia kimoja kikipata takriban kura moja kati ya sita. Penye viti 20, asilimia 5 inatosha.

Hapo ndipo kizingiti kinapoingia: chama kisichofikisha asilimia 2 ya kura za nchi nzima hakipati kitu. Tume ya uchaguzi, CENI, iliipa CNDD-FDD zaidi ya asilimia 96, UPRONA 1.38, na CNL chini ya 1. Wapinzani walilalamika kwamba kura zimechakachuliwa.

Lakini CNL ilikuwa imevunjika kabla ya siku ya kura. Machi 2024, mkutano mkuu uliofanyika Ngozi ulimng'oa kiongozi wa chama, Agathon Rwasa, na kumweka Nestor Girukwishaka, na Wizara ya Mambo ya Ndani ikautambua uongozi huo mpya. Jina na alama ya chama vikabaki kwa Girukwishaka; wapiga kura wengi wa 2020 hawakumfuata. Rwasa naye akabanwa na sheria mpya ya uchaguzi, inayomzuia kiongozi aliyetoka chamani karibuni kusimama kama mgombea binafsi.

Basi uwiano wa kura haulindi ushindani ikiwa serikali ndiyo inayoamua nani mwenye chama. Migogoro ya vyama iamuliwe na mahakama huru, na kizingiti kihesabiwe mkoa kwa mkoa. Bila hayo, mkazi wa Ruziba ataendelea kukabidhiwa orodha ambazo mshindi wake ameshajulikana.