Kujifunza Kiswahili kwa Simu: Hoja Juu ya Mafunzo ya Duolingo

Tangu mwaka 1870, Edward Steere alipochapisha kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja, mgeni aliyetaka kujifunza lugha hii alitegemea vitu viwili: kitabu, na mwenyeji wa kumsahihisha. Mwaka 2017 programu ya Duolingo ilitoa mafunzo ya Kiswahili kwa wajuao Kiingereza, yaliyotungwa na watu waliojitolea. Sasa mgeni aweza kuanza bila kitabu wala mwenyeji. Jambo hili lastahili kupimwa kwa haki.

Sifa zake si haba. Mafunzo hayo yapatikana bila malipo, nayo hufika mahali ambapo hapana mwalimu. Sentensi fupi hurudiwa mara nyingi, na kosa husahihishwa papo hapo. Kwa upatanisho wa ngeli njia hii ni njema: mwanafunzi aliyeandika "kitabu kikubwa kimeanguka" na mifano yake mara nyingi hana haja tena ya kutafuta kiambishi, mkono umekwisha kuzoea. Sarufi ya Ashton ya mwaka 1944 ilizieleza ngeli kwa kina, lakini kitabu hakiwezi kumjibu msomaji kila akoseapo.

Kasoro yatokana na kipimo chenyewe. Zoezi kubwa ni kutafsiri sentensi moja moja, na Kiingereza ndicho mizani. Mathalan neno "pole". Likilinganishwa na neno la Kiingereza la kuomba radhi, mwanafunzi atamwambia "pole" mtu aliyemkanyaga, ilhali hapo pafaa "samahani". Kisha atashangaa kuambiwa "pole" na mtu asiyemkosea, kwa sababu tu amebeba mzigo. Hali kadhalika "barabara" yenye maana ya njia na "barabara" yenye maana ya sawasawa huandikwa namna moja. Mkazo ndio utengao, na mkazo hauonekani katika maandishi.

Zito kuliko yote ni maamkizi. Mashine yafundisha kwamba "shikamoo" hujibiwa "marahaba". Haimwoni aliye mkubwa wala aliye mdogo. Mwanafunzi aliyepata alama zote aweza kumwamkia mzee kwa "mambo", akahesabiwa hana adabu, wala asijue alipokosea, maana sarufi yake haina dosari.

Lawama hii haiwaangukii waliojitolea. Wao waliibeba kazi iliyowapasa wataalamu kushirikiana nao. Mafunzo ya namna hii yakitungwa tena, yafaa kila maamkizi yataje msemaji na msemeshwaji, maneno kama "pole" yaelezwe kwa matukio badala ya neno moja la kigeni, na sauti za wenyeji zisikike katika mazungumzo kamili. Bila hayo, watu wengi watahitimu Kiswahili ambacho hakuna aliyepata kuzungumza nao.